Aliyepiga Chafya Ndani ya Piramidi

Mama Nelvine ni jirani yangu hapa Silibwet. Boma lake na langu yametenganishwa na mistari ya chai tu. Mimi ni Mjaluo, jina langu Quinter, nilikuja huku na marehemu mume wangu alipokuwa fundi wa mitambo kiwandani. Huyu mama Mkipsigis ndiye alinipokea na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, wakati wengine walikuwa wakiniuliza nitarudi kwetu lini. Kwa hivyo mtu asiniambie eti namsengenya. Nasema niliyoyaona, na ningefurahi sana kama nisingeyaona.

Mwaka jana msichana wake, Nelvine, alifariki akijifungua. Mtoto akabaki, wa kike. Sasa, kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa akina mama hukaa naye na kuita majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, moja baada ya lingine. Jina likiitwa, kisha mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi, na mtoto hupewa jina lake. Wanaita hiyo kurenet. Kwa huyu waliita mpaka sauti zikakauka. Wakamwekea ugoro kidogo puani. Mtoto akawatazama tu. Mwishowe wakachoka, na mpaka leo kila mtu anamwita Toto.

Jina la Nelvine mwenyewe halikuitwa. Gogo, yaani mama mkwe wa Mama Nelvine, alikataza. Alisema mtu aliyekufa juzi haitwi, aachwe kwanza ajue amekufa. Mama Nelvine aliinuka akaenda jikoni kupasha maziwa ya Toto, maana mtoto huyo alilelewa kwa chupa na maziwa ya ng'ombe wao tangu siku ya kwanza.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikuwa kimejiandaa miaka mingi kwa safari ya Misri, kule Yosefu na Maria walikokimbilia na mtoto. Mama Nelvine hakutaka kwenda. Tulimsukuma, na mzee wake Kipkirui akamsukuma zaidi.

"Enda upumzishe kichwa," alimwambia. "Mimi na Gogo tutabaki na Toto. Kwani chupa ni kazi gani?"

Basi tukaenda. Kairo ni mji wa honi, dereva anapiga honi hata akiwa amesimama. Tuliomba katika kanisa moja la zamani ambalo unashuka ngazi kama unaingia shimoni. Tukapanda mashua kwenye mto Nile, nikawaambia wenzangu maji hayo yametoka kwetu ziwani, kwa hivyo wayaangalie kwa heshima. Mama Nelvine alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi, na moyo wangu ukatulia kidogo.

Asubuhi iliyofuata tulipelekwa kwenye piramidi. Jua lilikuwa kali, ngamia wanapiga kelele, vijana wanatuuzia vitambaa. Mwongozaji alitukatia tiketi ya kuingia ndani, yeye akabaki nje kivulini. Njia ya ndani ni nyembamba, unapanda ukiwa umeinama mpaka mgongo unalia. Mwenzetu Janeffer alirudi mwanzoni kabisa, akisema Mungu hakumuumba panya.

Juu kuna chumba. Mawe meusi pande zote. Ndani yake kuna sanduku kubwa la jiwe, halina kifuniko na halina mtu. Hiyo tu ndiyo tulivuka mataifa kuja kuona. Wenzangu walipiga picha, wakaanza kuteremka. Mimi nilibaki kwa sababu ya magoti. Mama Nelvine alibaki akiwa ameweka mkono juu ya lile sanduku.

Nikamsikia akinong'ona. Kikipsigis nakijua vizuri. Alikuwa akiita majina.

"Mama Nelvine, wacha," nikamwambia polepole. "Hapa si kwenu."

"Si ni nyumba ya wafu?" akasema bila kugeuka. "Wafu hawawezi kukosa kujuana."

Akaendelea. Nyanya zake. Shangazi zake. Kisha akanyamaza. Nilijua jina linalofuata, na nilitaka kumziba mdomo, lakini alinitangulia.

"Nelvine," akaita.

Mtu akapiga chafya.

Ndogo. Ya mwanamke. Ilitoka ndani ya sanduku.

Nilichungulia. Vumbi tu. Mle chumbani tulikuwa sisi wawili. Mama Nelvine alikuwa akilia, lakini ni kilio cha furaha, anashika kifua anasema, "Amekubali, Quinter. Amekubali." Nilimvuta mkono tukashuka, na njiani nilikemea mapepo yote ninayoyajua.

Kwenye ndege ya kurudi, kiti cha kando yake kilikuwa kitupu. Nilipopita kwenda msalani niliona amekifunga mkanda.

"Hiyo ni ya nini?" nikamuuliza.

"Hajawahi kupanda ndege," akasema. "Anaogopa."

Tulipofika nyumbani, kwetu mambo ni yale yale. Asubuhi jua, watu wanachuma chai. Ikifika alasiri mvua inashuka. Siku ile ya kwanza, mvua ilipoanza, mtu alipiga chafya barazani kwa Mama Nelvine. Kipkirui alitoka kuangalia nani amejikinga mvua. Hakukuwa na mtu. Lakini Toto, aliyekuwa mgongoni mwa Gogo, aligeuza kichwa mlangoni akacheka.

Na tangu siku hiyo akakataa chupa.

Walibadilisha chupa. Wakabadilisha ng'ombe. Wakajaribu kijiko, wakajaribu uji. Toto anafunga mdomo. Wakampeleka kliniki Bomet, daktari akampima akasema mtoto yuko sawa, hata ameongeza kilo. Hilo lilimtia Gogo hofu kuliko kitu kingine chochote.

"Mtoto asiyekula anaongezaje?" alimwuliza mkaza mwana wake mbele yetu. "Huyo anavimba. Wewe uliita jina katika nyumba ya mtu mwingine. Nani ataitika kama si mwenye nyumba? Umetuletea mfu wa watu, na sasa anakula mtoto wetu."

"Ni Nelvine," akasema Mama Nelvine. "Mimi nilimzaa. Nisimjue?"

Alikuwa ameshafagia chumba cha marehemu na kutandika kitanda. Kila alasiri mvua ikianza alimlaza Toto humo, akafunga mlango, akakaa nje yake akisikiliza. Lakini maneno ya Gogo yalikuwa yamemwingia. Nilimwona usoni. Alikuwa amezika mmoja, na huyu aliyebaki ndiye alikuwa pumzi yake. Akipotea huyu, hana kitu tena duniani. Alianza kuuliza kila mtu aliyepita kama Toto anaonekana amevimba. Watu wakamwonea huruma wakasema ndiyo, kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua ya mawe. Kipkirui alinipigia simu nije na biblia yangu. Nilivuka chai nikiwa nimejifunika beseni kichwani. Niliwakuta wote watatu wamesimama mbele ya mlango wa kile chumba, Toto yuko ndani. Mabati yalikuwa yanapiga kelele, lakini tulisikia.

Chafya.

Haikuwa barazani. Ilikuwa ndani, kwenye kitanda.

Kipkirui alisukuma mlango. Mlango hauna kufuli. Ulikataa.

"Mwambie atoke," akamwambia mkewe. "Wewe ndiye ulimwita. Sisi hatatusikia."

Mama Nelvine aliweka paji la uso kwenye mbao. "Nelvine?" akanong'ona.

Sauti ikajibu kutoka ndani. Nilimfundisha msichana huyo shule ya Jumapili, nikamwimbisha miaka mingi. Naijua sauti yake. Ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Eiyo, ngoja nimalize."

Eiyo ni mama. Hivyo ndivyo Nelvine alivyomwita siku zote.

Gogo alimshika Mama Nelvine bega. "Umesikia? Amalize nini? Amalize nani? Fukuza sasa, mtoto anakwisha!"

Na mimi pia nilisema fukuza. Sote tulisema. Mama Nelvine alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta wa kumkataza. Hakumpata. Akageukia mlango.

"Rudi ulikotoka," akasema. "Hapa si kwenu. Wewe si mtoto wangu."

Mvua ya mawe ikakatika.

Mlango ukafunguka wenyewe, polepole, na kitu cha baridi kikatupita. Sikusikia harufu ya kaburi. Nilisikia harufu ya mafuta ya kujipaka, yale ya bei rahisi ambayo wasichana wetu hupaka wakienda sokoni. Gogo alijivuta ukutani kumpisha.

Kisha Toto akalia.

Jameni, mimi nimelea watoto watano. Kuna kilio cha njaa na kuna kilio cha maumivu. Hiki hakikuwa chochote katika hivyo. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyeondolewa kwenye titi kabla hajashiba. Nilikijua hata kabla sijaingia.

Nilimwinua. Chupa ilikuwa juu ya meza, imejaa, imeshika utando. Mdomoni mwa Toto, pembeni, kulikuwa na maziwa. Niliyagusa kwa kidole. Yalikuwa na joto. Hayakuwa ya ng'ombe. Yalikuwa mepesi, meupe ya kuelekea samawati, na mwanamke yeyote aliyewahi kunyonyesha angeyajua bila kuambiwa.

Mama Nelvine alinishika kidole, akakinusa. Akaketi sakafuni.

"Alikuwa ananyonyesha," akasema.

Kipkirui alitoka nje akaegemea tangi la maji, akalia kwa sauti kama hatukuwepo.

Mama Nelvine alinyanyuka ghafla akakimbia miguu mitupu. Nikamfuata na Toto mkononi. Udongo wetu ni mwekundu, na juu yake palikuwa na matone meupe, moja hapa, moja pale, kuanzia kizingitini. Yalivuka ua. Kaburi la Nelvine liko kando ya njia, pale chai inapoanza. Yalilipita bila kusimama. Yakatoka getini, yakashika barabara ya kwenda mbali na kwetu.

Alimwita mpaka sauti ikaisha. Alimwita barabarani, watu wakiwa wanatazama, akasema arudi, akasema alidanganywa, akasema hapa ni kwenu, mama, hapa ni kwenu. Toto peke yake ndiye aliyeitika, kwa kulia. Jioni hiyo alichukua chupa.

Mvua imenyesha juu ya matone hayo sijui mara ngapi, na trekta za majani ya chai zimepita juu yake. Bado yako. Ukija nitakuonyesha. Mama Nelvine huketi getini kila alasiri na Toto mapajani, macho barabarani, naye hataki kuambiwa kwamba huenda alikuwa mtu mwingine. Anasema angekuwa mtu mwingine angebishana. Nelvine, tangu akiwa mdogo, akiambiwa kitu na mama yake alikuwa anatii.