Uwanja Ulioandikwa Mtupu

Jumatatu asubuhi ufukwe wa jiji umefurika watu, mpimaji wa ardhi alirudi kinyumenyume, jicho kwenye darubini ya miguu mitatu, akamkanyaga mtu. Mwenye mguu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa ovaroli ya buluu yenye matundu ya cheche na kilemba chekundu kilichofungwa kishari.

"Kaka, macho mawili yote umeyatia humo?"

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia mbali."

"Ndiyo tabu yenu watu wa ofisini. Mbali mnaona, karibu mnakanyaga."

Wakacheka wote. Kesho yake mpimaji akaja kunywa chai kwenye karakana ya fundi, palepale ufukweni chini ya turubai, na keshokutwa yake pia, hata shangazi wa jirani wanaosuka vikapu wakamwita Shemeji bila kuulizwa. Kila adhuhuri simu ililia.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula moshi."

"Nikuletee nini, mpenzi?"

"Jilete mwenyewe, maneno nimeshiba."

Mpimaji akamsimulia mradi wa jiji: ufukwe utapandwa miti, utawekwa viti na sanamu. Fundi akafurahi, akaanza hata kuota ndege wa chuma atakayemchomelea pale.

Mwezi wa pili ramani ya mradi ikabandikwa ukutani. Mahali pa karakana, mahali pa mama yake fundi na vikapu vyake, palichorwa chemchemi, na pembeni maandishi: *eneo tupu*.

Mafundi wa pale walikuwa na desturi yao: Jumamosi jioni hukunja maturubai na kuondoa kila kitu, watoto wapate uwanja wa mpira. Mpimaji alikuwa amepima pale Jumapili, siku moja kabla ya kumkanyaga fundi.

"Ulipotujua, kwa nini hukusahihisha?" fundi alimuuliza kwenye simu.

"Nilimwogopa bosi."

"Chai yangu hukuiogopa!" Akakata simu, akaizima kabisa. Usiku na mchana moyo ukamchoma kuliko chuma, lakini hakuiwasha.

Mama yake akatema uzi aliokuwa ameung'ata. "Mwache aje aseme mbele za watu. Mapenzi ya kunong'ona kila mwanamume anayaweza."

Wakubwa wa jiji walipanga kuja kukagua Jumapili. Jumamosi hiyo fundi akapita turubai kwa turubai: "Leo hakunji mtu!" Kulipokucha nyundo zinalia, cheche zinaruka, shangazi wamejipanga na vikapu vyao kama askari.

Mkurugenzi mwenye suti ya kijivu akainua ramani. "Hapa pameandikwa hakuna mtu."

"Basi, mheshimiwa," fundi akajibu, miwani ya kazi juu ya kilemba, "anayekujibu ni jini?"

Kicheko kikapasuka. Mpimaji akatoka nyuma ya wakubwa, shati limemganda kwa jasho.

"Ramani ni yangu, na ni ya uongo. Nilipima siku wamefunga. Baadaye nikajua, nikanyamaza. Bustani inaweza kuwazunguka hawa. Kuwafuta haiwezi."

"Unajua unachezea kazi yako?"

"Najua. Nimechoka kuogopa."

Mkurugenzi akatazama nyundo, akatazama shangazi. Hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. "Pima upya," akanguruma, akaondoka.

Mpimaji akasimama na utepe wake wa kupimia mkononi, hajui aanzie wapi. Fundi akavua glavu, akaushika mwisho wa utepe.

"Vuta," akasema. "Na ukifika kwa mama, mwambie umekuja kuposa. Kwa sauti, shangazi wote wasikie."