Uji wa Shule ni wa Nani?

Kuanzia Newala mpaka Masasi hakuna mjomba kama mimi. Nasema bila aibu. Mpwa wangu Getrude akikohoa, mimi ndiye wa kwanza kusikia. Akichomwa na mwiba, mimi najua mwiba huo umetoka kwenye mti gani. Jina langu ni Basil. Nimesoma sekondari ya Chidya mpaka kidato cha nne, nina macho mawili mazima, na hakuna jambo la mtoto huyu linaloweza kunipita.

Mnaocheka, subirini kidogo.

Naishi na dada yangu Dominika, mama yake Getrude. Baba wa mtoto yuko Mtwara kibaruani. Huku kwetu mjomba si mgeni nyumbani kwa dada yake. Mtoto akifaulu, watu husema, "Ana mjomba huyu." Mtoto akiharibika, watu huuliza, "Kwani hana mjomba?" Kwa hiyo mimi nina kazi kubwa, hata kama dada anasema sina kazi yoyote.

Mwezi wa saba shule zilifunguliwa. Getrude alikuwa darasa la pili. Shule ya kijiji chetu ikaanza kupika uji wa asubuhi. Dada alifurahi sana. Akaenda gulioni, akamnunulia Getrude kikombe kikubwa cha bati. Kila asubuhi Getrude aliondoka nacho mkobani. Kila mchana alirudi nacho, kinang'aa.

"Mtoto huyu ana adabu," dada alisema. "Anakunywa uji, anaosha kikombe chake mwenyewe."

"Amemchukua mjomba wake," nilisema.

"Wewe? Sahani yako ya jana iko pale. Hata inzi wameichoka."

Siku moja alikuja Somoe. Somoe ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Hupita nyumba kwa nyumba. Hupima watoto, na huwauliza kina mama maswali ambayo mimi nikiyasikia natoka nje. Jua lilikuwa kali. Akaomba maji. Nikachukua kikombe kilichokuwa karibu, kile cha Getrude, nikamchotea.

Somoe alikitazama kikombe. Hakunywa.

"Basil," alisema, "unanipa maji au unaniuzia kikombe?"

Nikachungulia. Ndani, chini ya maji, kulikuwa na karatasi ya bei. Imebanduka upande mmoja, inapepea kama bendera.

Tulicheka wote. Dada ndiye wa kwanza kuacha kucheka.

"Karatasi bado imo?" alisema polepole. "Uji wa moto ungeibandua siku ya kwanza."

Nikamwita Getrude.

"Mpwa wangu, uji wa shule mtamu?"

"Mtamu, mjomba."

"Unaunywea kikombe gani?"

Getrude akatazama vidole vyake vya miguu. Dada akamvuta, akamkalisha mapajani. Hapo ndipo maneno yakatoka.

"Mama, wanaopewa uji ni wale waliotoa mchango. Wanapanga mstari jikoni. Sisi ambao hatujatoa tunakwenda kiwanjani kuokota takataka mpaka wenzetu wamalize."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema hela yote imeingia kwenye dawa ya mikorosho."

Mimi nisiyepitwa na jambo nilikuwa natazama ukuta.

"Kesho siendi shule," Getrude aliendelea. "Kwenye hesabu nasinzia. Wananiita Bibi Usingizi. Siendi tena, mama."

Dada akamgeukia Somoe. "Mchango gani huo? Si walisema shule ni bure siku hizi?"

Somoe akaketi mkekani. "Mama Getrude, hapo wengi tunachanganya mambo. Ada ya shule ya msingi hakuna. Hilo ni kweli. Lakini uji ni makubaliano yetu sisi wazazi. Unga, kuni, maji na mpishi vinatoka kwetu. Kikao kilikaa, na ninyi siku hiyo mlikuwa msibani Lulindi."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Hukujua. Lakini jambo la wazazi wanalipishwa watoto, na hilo halifai hata kidogo. Twende kwa mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu wetu anaitwa Kulwa. Ni mtu wa Usukumani, lakini siku hizi anatushinda hata sisi kula ming'oko, mizizi yetu ya porini. Alitusikiliza, akashusha pumzi.

"Hata mimi sipendi," alisema. "Naingia darasani, nusu ya watoto wako macho na nusu wako ndotoni. Nikifundisha kujumlisha leo, kesho narudia kujumlisha. Wale waliokunywa uji wananisubiri, nao wanachoka. Lakini kamati ndiyo iliyopanga hivyo. Nitaitisha kikao cha wazazi wote."

"Na mtoto?" dada aliuliza. "Amesema haji."

"Mlete mpaka siku ya kikao. Baada ya hapo tutaona."

Siku ya kikao darasa lilijaa. Sisi watu wazima tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakagusa videvu. Wa kwanza kusimama alikuwa Bwanali, baba yake Faudhia. Bwanali ana duka la pembejeo. Yeye ndiye anayetuuzia salfa ya kupulizia mikorosho.

"Wazazi wenzangu," alisema, "mimi nilitoa mchango siku ya kwanza. Mwingine hakutoa. Leo mtoto wake anywe sawa na wangu? Haya, basi na mimi nisitoe. Na wewe usitoe. Tuone kama sufuria itachemka yenyewe!"

Watu wakapiga makofi. Nami nusura nipige, mpaka dada alipoutazama mkono wangu.

Dada akasimama.

"Shikamoo Baba Faudhia."

"Marahaba, Mama Getrude."

"Unayosema ni kweli. Anayetoa asionewe. Lakini nauliza. Mwezi huu wa kupuliza dawa nani hapa ana fedha, ukikutoa wewe? Fedha yetu sisi iko juu ya mikorosho!"

Darasa zima likacheka. Bwanali naye akacheka, maana fedha hiyo ilipitia dukani kwake.

"Fedha sina," dada aliendelea. "Lakini tumevuna juzi tu. Ghalani nina mtama. Nina karanga. Ninyi mlitaka fedha tupu. Hakuna aliyeniuliza nina nini."

"Mtama!" mtu mmoja alisema nyuma. "Mama Getrude, tunalisha watoto au tunalisha kuku?"

Kicheko kingine. Somoe akainuka.

"Nani humu hakukua kwa mtama?" aliuliza. "Anyooshe mkono tumwone."

Mkono haukuonekana.

"Haya. Tuna mtama majumbani, halafu tunachangishana fedha twende Masasi kununua unga mweupe wa mahindi. Eti uji wa mtama ni wa watu duni! Jamani, sageni mtama. Kaangeni karanga, mzisage, mchanganye. Mtama unampa mtoto nguvu. Karanga zinajenga mwili wake. Huo ni uji bora kuliko mweupe wenye sukari peke yake. Ila karanga mzichambue vizuri. Zenye ukungu zitupeni, zina sumu. Msiseme mtazila kwanza zile mbovu ili msipate hasara."

"Na muhogo je?" mzee mmoja aliuliza.

"Muhogo mtamu uliokauka vizuri unaweza kuchanganywa kidogo. Ule mchungu tusiulete shuleni. Ukiandaliwa vibaya unadhuru."

Bwanali akasimama tena. "Mtama nimekubali. Lakini nina jambo lingine. Binti yangu anakunywa uji hapa kila siku, na bado anarudi nyumbani na njaa ya mtu aliyelima. Uji unakwenda wapi? Mpishi atuambie!"

Mpishi alikuwa mlangoni. Akashika kiuno. "Baba Faudhia, usinitie doa. Kikombe cha mwanao nakijaza mpaka kinamwagikia mkononi!"

"Basi kina tundu!"

"Tundu unalo wewe, mdomoni!"

"Taratibu, wazazi," alisema Mwalimu Kulwa. Akatoka nje, akarudi na Faudhia. Getrude naye akafuata, akasimama nyuma yake.

"Faudhia," mwalimu alisema kwa upole, "hakuna atakayekupiga. Uji unaupeleka wapi?"

Faudhia akamtazama Getrude. Getrude akatikisa kichwa kumkataza. Faudhia akasema.

"Nakunywa nusu. Nusu nampa Getrude. Nyuma ya simtanki la maji."

"Tangu lini?" Bwanali aliuliza.

"Tangu uji ulipoanza."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza, baba."

Nikamtazama mpwa wangu. Ndiyo maana alijua uji ni mtamu! Hata hilo lilinipita, mimi mwenye macho mawili mazima.

Bwanali alikaa. Dawati likalia chini yake. Tukangoja afoke. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akafuta macho.

"Wazazi," alisema, "kumbe mtoto wangu ameshapitisha azimio zamani, na mimi bado nabishana hapa. Wawili wanashindia kikombe kimoja! Basi na wanywe wote. Lakini nina sharti. Kila nyumba ilete kitu. Asiwepo wa kukaa kitako na kusubiri wenzake."

"Hata mimi nataka hivyo," dada alijibu. "Sikuja hapa kuomba cha bure."

Hapo kikao kikawa kikao. Watu walivutana, wakataniana, mwisho wakakubaliana. Kila nyumba italeta ilicho nacho, wakati ikiwa nacho. Mwenye mtama au karanga atatoa akishavuna. Anayependa kutoa fedha atatoa msimu wa korosho, akishauza, si wakati wa kupuliza dawa. Asiye na mazao wala fedha atashika zamu ya kuni na maji.

"Na bibi yule anayelea wajukuu peke yake?" Mwalimu Kulwa aliuliza. "Kuni hawezi, maji hawezi."

"Huyo tutambeba sisi," Bwanali alisema. "Mimi na yeye hatuwezi kubebeshwa gunia moja. Ila nataka michango yote isomwe hadharani kila kikao. Mwenye ghala lililojaa akileta kibaba, tumwone sote."

"Itasomwa," mwalimu alisema.

Somoe akamalizia. "Na mzazi asipotimiza, aitwe mzazi. Mtoto asitolewe mstarini. Mstari uwe mmoja, sufuria moja."

Wiki iliyofuata mtama ukaanza kuingia shuleni, kwenye ndoo, kwenye viroba, hata kwenye kitambaa cha kilemba. Uji ukawa wa rangi ya udongo, unanukia karanga. Yule aliyesema habari za kuku nilimwona akinusa dirishani.

Siku ile ya kwanza Getrude alirudi nyumbani anakimbia. Dada akafungua mkoba, akatoa kikombe. Uji umekaukia ukingoni, umekaukia mpaka kwenye mkono wa kikombe.

"Getrude! Kikombe hiki hujakiosha!" dada alifoka. Lakini alikuwa anatabasamu mpaka jino la nyuma.

"Nilisahau, mama. Tulikuwa tunawahi hesabu."

Tangu hapo hakusema tena kwamba haendi. Jina la Bibi Usingizi likafa lenyewe. Mwalimu Kulwa anasema siku hizi Getrude anamsahihisha hata yeye ubaoni. Faudhia naye anarudi kwao ameshiba, na mpishi amemsamehe Bwanali, ingawa bado anamtania kuhusu tundu.

Habari zikasambaa. Mwezi wa kumi walikuja wazazi kutoka Lisekese. Walitaka kuona tunavyofanya, waende kuanzisha kwao. Bwanali alikuwa jikoni shuleni, zamu yake ya kuchochea moto. Mwalimu Kulwa akatafuta mtu wa kuwaeleza wageni. Nani mwingine? Nikasimama mbele yao, mikono nyuma, kama mgeni rasmi.

Niliwaeleza yote. Mtama, karanga, msimu wa korosho, mstari mmoja. Walisikiliza vizuri sana. Mama mmoja akauliza, "Na maji je? Simtanki lenu naona limekauka, na bondeni ni mbali."

"Mama yangu," nilimjibu, "kazi hii inataka moyo. Mimi, ikifika zamu ya nyumba yetu, nateremka bondeni mwenyewe jua halijachomoza. Napandisha kilima ndoo kichwani, huku naimba."

"Hongera, mwanangu. Na asiyefika kwenye zamu mnamfanyaje?"

"Huyo anasugua masufuria yote peke yake, mbele ya watu. Hapa hatuna mchezo."

Wageni wakaitikia kwa vichwa, wamevutiwa. Watoto walikuwa kwenye mstari wao, karibu yetu kabisa. Getrude akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Mjomba," alisema, kwa ile sauti yake ya kusoma ubaoni, "Jumatatu si mama ndiye aliyeteremka bondeni? Wewe ulisema kichwa kinauma. Halafu ukaenda mpirani."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Wageni wakanitazama mimi, wakatazama masufuria. Bwanali aliinuka pale motoni, akanisogezea sufuria kubwa kuliko zote, na juu ya mfuniko wake akaniwekea gunzi na jivu.