Mita Mahali pa Ndimu

Pikipiki ya Soud ilichagua kufa Jumamosi, wakati soko la Walthamstow halina hata nafasi ya kupiga chafya. Ilizima katikati ya njia, baina ya meza ya kabichi na meza ya soksi. Waingereza waliokwama nyuma yake wakanuna kimya kimya. Mmoja tu ndiye aliyefoka, tena kwa Kiswahili.

"Toa hii takataka yako, mjinga wewe!"

Soud akageuka. Alisimama msichana wa Kihindi, sari ya rangi ya zabibu chini ya koti kubwa la kiume, soksi za sufu ndani ya kandambili, kikapu cha viazi mkononi. Alikuwa na hakika kwamba hakuna aliyemwelewa.

"Mjinga anasukuma," Soud akajibu. "Mwerevu anasaidia."

Msichana alijiziba mdomo. Kisha akatua kikapu chake juu ya tangi la mafuta na kusukuma, uso umemwiva kwa haya.

Huyo ndiye Lata, wa Kisumu, aliyekuja na mama yake mwaka uliotangulia, Wahindi wa Kenya walipokuwa wakiwahi ndege kabla mlango wa Uingereza haujafungwa. Soud alikuwa Mpemba wa Konde, mkimbizi wa mapinduzi, sasa utingo wa basi mwenye sare iliyompwaya mabegani. Mpaka wanafika mwisho wa soko walikuwa wameshachekana vya kutosha, na kwa vijana hao ndio ugonjwa wenyewe.

Mama yake Lata hakucheka. Mwislamu, Mpemba, utingo, na pikipiki juu yake: kila kimoja peke yake kilitosha kufunga mlango. Miezi sita hakumtazama Soud usoni. Soud akija, alimsubiri Lata uani, penye pipa la taka.

Halafu jioni moja ya Desemba, wakirudi kutoka Ilford, taa za pikipiki zikafifia, zikafa. Walisukuma hadi nyumbani gizani. Mama alikuwa dirishani. Alifunga pazia kwa nguvu, pete za fimbo ya pazia zikalia.

Kwa hiyo Soud akatafuta mita ya betri, kiduara cha kioo chenye sindano ndani. Sindano ikianguka, ujue betri haipati chaji, uwahi nyumbani. Kazi ikawa moja: ifungwe wapi?

"Kwenye tangi," alisema Lata, amejikunyata uani.

"Niitazame kwa kitovu?"

"Basi kushoto, chini ya kioo. Mimi nakaa upande, naona kushoto tu."

"Kwani dereva nani hapa, roho yangu?"

"Dereva ni wewe. Anayesukuma ni mimi."

"Katikati ya usukani. Ndipo macho yangu yalipo."

"Macho yako yako kila mahali isipokuwa barabarani!"

Hawakuafikiana. Mvua ikashuka, Soud akaiacha pikipiki pale uani, akapanda basi bure kama utingo yeyote mwenye akili.

Asubuhi alipoirudia, katikati kabisa ya usukani, pale pale alipopataka, palining'inia ndimu moja na pilipili mbichi saba, zimetungwa kwenye uzi mweusi. Soud akatabasamu mpaka masikioni. Pilipili mbichi! London ile, kipindi kile cha baridi! Ama kweli Lata anapenda. Akakata uzi, akatia mzigo mfukoni, akaifunga mita yake pale pale na kukaza nati. Jioni akapika samaki.

Kisha akaenda kibanda cha simu, akatumbukiza sarafu.

"Kipenzi, ahsante. Mchuzi wallahi umenitoa jasho."

"Mchuzi gani?"

"Wa ile ndimu yako na pilipili. Nimelamba sufuria."

"Umekula?" Sauti ya Lata ilikuwa ndogo, na haikuwa nzuri. "Soud, umeikula?"

"Sasa ndimu ifanywe nini, isomewe hitima?"

"Mama ndiye aliyeifunga! Kwa mkono wake! Ile ni kinga, inazuia jicho la watu. Tunafunga kwenye duka letu, kwenye gari letu, kwenye kitu cha mtu wetu. *Wetu*, Soud! Miezi sita namlilia, jana ameshuka na mvua ile kuifunga, na wewe umeipika!"

"Mie nijue wapi? Konde kulikuwa na duka moja la Mhindi, na mwenyewe alikuwa mkali kama mama yako."

"Usimtaje mama yangu!"

"Na wewe ulimwona akifunga?"

"Nilimwona."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Nilitaka ujue mwenyewe!"

"Nijue mwenyewe! Mimi mganga?"

"Wewe mlafi!"

Akakata. Soud akakigonga kibanda kwa ngumi, mama mmoja wa Kiingereza akavuka barabara.

Jumapili alikwenda. Safari hii hakupita uani. Aliegesha mbele, majirani waone, akabisha mlango wa barabarani. Mama akafungua, shali begani, Lata nyuma yake macho mekundu. Kwa mara ya kwanza mama alimtazama Soud, kisha akaitazama mita inayong'aa katikati ya usukani.

"Mimi naweka kinga, wewe unatoa, unaweka saa."

"Si saa, mama."

"Husda ya mtaa mzima sasa iko tumboni mwako!"

"Imekaa salama, mama. Pale ni pakubwa."

Utani haukufika popote. Mlango ulianza kurudi. Ndipo Soud naye akapandwa, akauzuia kwa kiganja.

"Sikiliza, mama! Miezi sita nimesimama kwenye taka zenu. Chai sijapewa, salamu sijarudishiwa. Halafu siku mnayonikubali, mnaiambia pikipiki! Mimi ndiye ninayemtaka Lata, pikipiki haimtaki! Nimekuja kuposa. Nikataeni, lakini nikataeni mimi, kwa mdomo, uso kwa uso!"

Lata aliitafuta hasira yake yote, akaikuta imegeukia kwake mwenyewe, kwa siku nzima aliyojua habari njema akakaa nayo ili apime kama mpenzi wake atang'amua.

Mama alivaa viatu. Alimpita Soud kama anavyopita mtu nguzo, akaiinamia pikipiki.

"Hii sindano inafanya nini?"

"Inaonyesha kama taa zitafika nyumbani."

"Binti yangu anaiona akikaa nyuma?"

"Haioni."

"Hamisha. Weka kushoto aone yeye. Wewe huaminiki, unakula kila kitu unachofungiwa. Katikati ni pangu."

Lata alikwishaleta spana. Aliilegeza nati mwenyewe, nywele zimemwangukia usoni, bila kumtazama Soud.

"Bado nimekasirika," akanong'ona.

"Na mimi pia."

"Vizuri. Shika hapa."

Mama alisimama kizingitini, akakunja mikono ndani ya shali.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mwanamwema. Yuko Mombasa, Kibokoni. Kwa nini?"

"Namwandikia. Kwanza nitamshitaki mtoto wake amekula ndimu yangu. Halafu mambo ya harusi." Akapiga hatua ndani, akageuka. "Hayo siongei na mtoto. Naongea na mama mwenzangu. Ingia, baridi inaingia nyumbani."