Siti ya Nyuma

Pikipiki ya Leodgar ilianza kuchagua watu. Akiwa peke yake inakwenda vizuri tu. Akipakia abiria, wakifika kona ya Bangwe, taa inakufa, honi inakufa, injini kimya. Abiria akishuka, inawaka.

Fundi Bonifasi wa Kasingirima akafungua plagi, akaigusisha kwenye injini, akapiga kiki. Cheche safi. Koili nzima, waya hakuna uliochubuka. Mwisho akachomoa betri, akaiweka chini, na taa ya nyuma ikawaka. Ikafifia, ikawaka tena, kila mara kwa haraka zaidi, huku harufu ya damu na maji ya ziwa ikipanda kutoka chini ya siti.

"Leodgar," akanong'ona, "huku nyuma ulimbeba nani?"

"Sikumbeba," Leodgar akajibu, akamsimulia.

Mwaka ule Warundi walipofurika kwa maboti, mkimbizi mmoja, Fébronie, alishuka ufukweni Katonga akiwa na uchungu wa kuzaa, akajikokota hadi pale konani, akamshika Leodgar mkono. "Mbabarira, nihurumie, kaka. Nifikishe hospitali."

"Utanichafulia siti," Leodgar akamjibu, akaondoka. Fébronie alifia palepale, na mtoto tumboni.

"Nenda kambi ya wakimbizi kwa ndugu zake, ukaombe radhi," Bonifasi akasema. "Jini hili halitoki kwa spana."

Leodgar akacheka. Akanunua siti nyingine, ya zamani akaichoma moto. Mjinga mkubwa.

Jumapili mchana mkewe, Honorata, akashikwa na uchungu. Leodgar akampakia. Konani pikipiki ikazimika. Akapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi.

"Shuka kidogo, mke wangu, iwake nikupakie."

Honorata akashuka, ikawaka, na kabla Leodgar hajageuka mikono ya baridi, iliyolowa, ikamzunguka kiuno, pikipiki ikaondoka naye, breki hazishiki, swichi anazima haizimi, nyuma mkewe anapiga kelele, "Leo, unaniacha!", na sikioni mwake pumzi fupifupi za mwanamke anayesukuma, njia nzima, mpaka mlango wa hospitali, ambapo ilizimika yenyewe.

Nesi akatoka mbio na kitanda. Akaitazama siti mpya, damu ikichuruzika hadi kwenye rimu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Nyuma hapakuwa na mtu. Leodgar akapiga kiki arudi kumchukua mkewe. Haikuwaka. Taa ya nyuma tu ndiyo iliyowaka, ikafifia, ikawaka, kwa haraka zaidi na zaidi, na safari hii alijua ni uchungu wa nani, kule konani. Halafu ikazimika.