Mama Naye Ana Mama

Tik, tik, tik. Mbegu za pilipili kavu zilikuwa zikidondoka kwenye sinia la bati. Jogoo wa jirani alikuwa hajawika bado. Zenaida, msichana wa miaka kumi na miwili, alivuta blanketi hadi masikioni. Hakuhitaji kuuliza sauti ile ilitoka wapi. Mama alikuwa jikoni akipasua pilipili moja moja na kuzikung'uta mbegu.

Zenaida alipoamka, maharage yalikuwa yakichemka, na chapati za mahindi zilikuwa zimefunikwa kitambaa ndani ya kikapu. Sketi yake ya kuchezea ngoma ilining'inia mlangoni, imepigwa pasi, utepe mwekundu umeshonwa kwenye pindo.

"Mama, huu utepe mbona umekwenda upande?"

Mama yake, Hortensia, aliitazama sketi kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa limefumba, likitoa machozi kwa ukali wa pilipili.

"Nitautengeneza. Wewe kula kwanza."

Zenaida akala, akaacha sahani mezani. Kaka yake Abundio akala, akaacha sahani mezani. Baba yao, Eusebio, aliyefanya kazi kwenye tanuri la matofali, akala, naye akaacha sahani mezani. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi katika nyumba ile ya mji wa Santa Rita, na hakuna aliyeona kuwa kuna kasoro.

"Kesho ni tarehe kumi Mei, Siku ya Mama," Mama alisema huku akikusanya sahani. "Mwaka huu nataka niende mlimani kwa mama. Mwaka jana sikwenda. Mwaka juzi sikwenda."

"Si utakwenda Jumapili?" Baba alijibu, akitafuta kofia yake.

"Jumapili si Siku ya Mama, Eusebio. Tangu asubuhi atakuwa amekaa mlangoni anatazama njia. Mimi namjua."

"Na mole ya sherehe ya shule je? Unataka watu wale chapati kavu?"

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajafurahi. "Gari la mizigo la Fermín linapanda mlimani saa sita mchana. Nikimaliza mapema nitalikimbilia."

Zenaida alisikia, lakini hakusikiliza. Mawazo yake yalikuwa kwenye utepe.

Mole ya Hortensia, mchuzi mzito wa pilipili, ilikuwa na sifa katika mji mzima. Wengine walisaga pilipili zao mashineni, wakachanganya ufuta, karanga na chokoleti, wakapata mchuzi. Hortensia alisaga kwa jiwe, akiwa amepiga magoti, na mchuzi wake mweusi uling'aa kama kiatu kipya. Kila penye arusi au msiba, watu walikuja mlangoni kwake wakitabasamu. "Hortensia, hakuna kama wewe," walisema. Wakishamsifu hivyo, angekataaje? Angekataa, wangesema ameanza maringo.

Siku ya sherehe, uwanja wa shule ulipambwa kwa karatasi za rangi. Viti vya akina mama vilipangwa mbele, kila kimoja kimefungwa utepe mweupe. Mwalimu mkuu, Mwalimu Olegario, alishika kipaza sauti akaanza kuunguruma.

"Leo ni siku ya malkia wetu! Malkia wa nyumba zetu! Leo mama haguswi na kazi!"

Watu wakapiga makofi. Lakini malkia wenyewe walikuwa wapi? Viti vingi vya mbele vilikuwa vitupu. Nyuma ya madarasa moshi ulikuwa ukipanda, na huko ndiko walikokuwa, wamejifunga aproni, macho mekundu, wakipika chakula cha sherehe yao wenyewe. Akina baba walisimama kivulini na soda mkononi, wakizungumza habari za mpira.

Zamu ya darasa la Zenaida ikafika. Walicheza vizuri, sketi zikifunguka kama miavuli. Mwishoni kila mtoto alitakiwa kutoka kwenye mstari, aende hadi kwenye kiti cha mama yake na kumpa ua. Zenaida akaenda na ua lake, akasimama mbele ya kiti. Hapakuwa na mtu. Utepe mweupe tu ulikuwa ukipepea.

"Mpe kiti ua, Zenaida!" mvulana mmoja alipiga kelele. "Labda kiti ndicho kilichokuzaa!"

Watoto wakaangua kicheko. Zenaida akaweka ua kwenye kiti, akageuka, akaondoka mbio kuelekea kwenye moshi.

Alimkuta Mama amesimama mbele ya chungu kikubwa, akikoroga kwa mwiko wa mti. Mole haiachwi hata kidogo. Ukiiacha inashika chini. Mkono ulikuwa ukikoroga, lakini macho ya Mama yalikuwa barabarani, ng'ambo ya ukuta wa shule, ambako Fermín alikuwa akipakia magunia kwenye gari lake.

"Mama! Nimecheza na hukuniona!"

"Nimesikia muziki, mwanangu. Kila muziki ulipopanda nilijua sasa unazunguka." Akajifuta jasho kwa bega. "Usikasirike."

"Na kwa Bibi je? Gari linaondoka."

"Liende tu. Chakula hakijagawiwa. Bibi yako ameshazoea."

Mama aliposema neno hilo, ameshazoea, midomo yake ilitetemeka kidogo, akainama juu ya chungu ili asionekane. Zenaida aliona. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwona Mama kama mtoto wa mtu, mtoto anayetaka kwenda kwao na amezuiwa. Hasira ikampanda.

Akarudi uwanjani, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, samahani. Hii sherehe ni ya nani?"

"Ya akina mama, Zenaida. Hujui?"

"Mbona akina mama ndio wanaopika?"

Mwalimu akacheka, akasahau kuzima kipaza sauti. "Sasa tupike sisi? Mtakufa kwa njaa!"

Akina baba kule kivulini wakacheka. Baba yake Zenaida alicheka pia, na kicheko hicho kilimuuma kuliko vyote.

"Si ya kucheka, Baba!" Sauti yake ilisikika uwanja mzima. "Mama anataka kwenda kumwona mama yake. Alisema jana, wewe ukiwa pale pale mezani. Mwaka wa tatu sasa! Mnamwita malkia, halafu mnampa mwiko! Ninyi mmekaa, yeye ana moshi machoni! Mnaona ni sawa?"

Bi Tomasa, jirani yao, alikuwa ametoka jikoni na beseni la wali. Alikuwa mwanamke mnene asiyemwogopa mtu, na alimpenda Zenaida tangu alipokuwa mchanga.

"Umesema kweli, mwanangu, na mimi nakuunga mkono," alisema. "Lakini imalize yote. Mwezi uliopita, Mwalimu alipouliza darasani nani ataleta mole, ni nani aliyenyoosha mkono? Mtoto wangu yumo darasani mwenu, akaja kunisimulia."

Zenaida alihisi uso ukiwaka moto. Alikumbuka. Alikuwa amenyoosha mkono kabla Mwalimu hajamaliza kuuliza. "Mama yangu! Mama yangu ataleta ya shule nzima!" Darasa likampigia makofi, akatembea kwa madaha wiki nzima. Mama aliambiwa jioni, wakati jambo lilipokuwa limekwisha kupangwa. Aliuliza tu kama pilipili zipo sokoni.

"Ni mimi," Zenaida alisema. Sauti ilikuwa imepungua, lakini hakuinamisha kichwa. "Nilimtoa bila kumuuliza. Basi mimi ndiye nitakayekoroga."

Akarudi jikoni, akaushika mwiko ulio mikononi mwa Mama.

"Nenda, Mama."

"Wacha utoto. Mole itaungua."

"Iungue. Gari linaondoka, Mama. Nenda!"

"Na kugawa nani atagawa? Na vyombo?"

"Mimi nina mikono miwili," sauti ikasema nyuma yao. Ilikuwa ya Baba. Alikuwa amevua kofia, na masikio yake yalikuwa mekundu. Hakutoa hotuba. Alimfungua Hortensia aproni mgongoni, akajifunga yeye. Haikumtosha, ilimfika tumboni tu, ikawa kama kitambaa cha mtoto.

"Toba! Eusebio kapendeza!" Bi Tomasa alipiga yowe. "Na ninyi wengine mnangoja nini? Mnataka mwaliko? Abundio, acha mpira, njoo ubebe sahani! Mimi naenda kukaa kwenye kiti changu, na atakayeniletea chakula baridi nitamrudisha nacho!"

Hortensia alisimama bila kujua afanye nini na mikono yake. Kisha akaitwaa shali yake, akakimbia. Fermín alikuwa amekwisha kuwasha gari. Alipomwona akija mbio alilizima, akatoka, akatandika gunia safi kwenye kiti cha mbele ili gauni la Hortensia lisichafuke. Alisubiri hadi amekaa vizuri ndipo akaondoka.

Mole iliungua, tena si kidogo. Zenaida alikoroga hadi mabega yakamuuma, akabadilisha mkono, akabadilisha tena, na alipopumzika kumeza mate mara moja tu, chungu kikashika chini. Moshi ulimwingia machoni. Pilipili ilimwingia kwenye kidonda kidogo cha kidole, akaruka juu kwa uchungu. Mwalimu Olegario, aliyekuwa amekunja mikono ya shati na kugawa wali, alimtazama Baba.

"Hivi huwa wanafanya haya kila mwaka?"

"Kila siku, Mwalimu," Bi Tomasa alijibu kutoka kitini, mdomo umejaa. "Na mole yenu mbaya. Niongezeeni."

Vyombo vilipokwisha kuoshwa, Baba, Abundio na Zenaida walishika njia ya miguu kupanda mlimani kwenda kumchukua Mama. Zenaida alibeba kibakuli cha mole kilichofungwa kitambaa. Abundio hakuzoea kumwonea dada yake huruma, lakini njiani alikipokea kibakuli bila kuambiwa, maana aliona vidole vyake vimevimba.

Nyumba ya Bibi Casilda ilikuwa ya mwisho kijijini. Mlango ulikuwa wazi. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, na kichwa cha Hortensia kilikuwa kimelala mapajani mwake. Hortensia alikuwa usingizini kabisa, mdomo wazi kidogo, viatu amevua. Bibi alikuwa akimchana nywele polepole, akitoa jivu la jikoni kwa ncha ya chanuo.

"Shh," Bibi alisema. "Amefika, akala yai moja, akalala. Hata habari hajanipa. Kaeni."

Wakakaa. Bibi akaonja mole kwa kidole.

"Hii imeungua."

"Niliikoroga mimi, Bibi," Zenaida alisema, kisha akamweleza yote kwa sauti ya chini, tangu mkono alioinua darasani hadi makelele aliyopiga uwanjani. Hakuficha hata kidogo. "Bado nina hasira, Bibi. Nao, na mimi mwenyewe."

"Hasira hiyo usiitupe, ni nzuri," Bibi alisema. Aliendelea kuchana. "Lakini sikiliza nikwambie. Mdomo wako ndio ulioahidi, na mikono ya huyu ndiyo iliyolipa. Siku nyingine ukitaka kuahidi, ahidi mikono yako mwenyewe. Na usingoje siku ya sherehe kumsifu mama yako kwa maua. Mpokee kazi mapema, angali na nguvu za kufurahi. Umemwona alivyochoka? Mtu anayekuja kwao akalala kabla ya kusalimia, huyo hakuchoka leo."

Baba alikuwa akisikiliza, kofia magotini. "Nimesikia, mama," alisema.

"Wewe hukuambiwa bado," Bibi alimjibu. "Zamu yako inakuja."

Abundio akashindwa kuzuia kicheko, na kicheko kile kikamwamsha Mama. Aliketi upesi, akashika nywele, akatazama huku na huku kama mtu aliyeacha kitu motoni.

"Chungu! Vyombo!"

"Vimeoshwa, Mama," Zenaida alisema. "Vyote."

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Alipoviona vidole vya Zenaida alivichukua, akaomba maziwa, akavichovya humo ili ukali wa pilipili utoke. Kisha akauliza, "Ulikoroga kwa mkono gani?"

"Yote miwili."

"Ndivyo inavyotakiwa," Mama alisema, akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chenyewe.

Zenaida akawachezea ngoma yake pale uani, bila muziki, Abundio akipiga makofi nje ya mwendo. Mama na Bibi walikaa bega kwa bega kuitazama yote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Jua liliposhuka ilibidi waondoke. Bibi aliwasindikiza hadi kwenye ukuta wa mawe. Alimuaga kila mmoja kwa zamu yake, na alipofika kwa Hortensia alimshika mkono wa gauni, akawa hamwachii.

"Hortensia, mwanangu," alisema, "njoo tena. Usingoje tarehe. Njoo hata keshokutwa."