Maji Katika Chumba cha Mama Mkwe

Kila asubuhi Sindano hufungua dirisha la chumba cha mbele, akafunua cherehani yake na kuanza kazi. Anashona sare za shule. Jina la Sindano alipewa na wateja. Wanasema mkono wake una haraka na ulimi wake unachoma, na yote mawili ni kweli.

Mumewe ni mwashi. Katika chumba cha nyuma hulala mama mkwe. Mama huyo amekula chumvi nyingi na miguu yake haina nguvu tena. Akitaka kutoka nje, lazima mtu amshike mkono na mwingine ambebee kiti. Chumba chake kiko chini kidogo kuliko vyumba vingine.

Asubuhi hiyo Sindano hakushona. Alikuwa anasugua matope.

Jana mchana mvua kubwa ilinyesha wakati yeye yuko sokoni kununua uzi. Aliporudi alikuta maji ndani ya nyumba yamefika magotini. Mama mkwe alikuwa juu ya kitanda, ameshika nondo za dirisha. Alikuwa ameita mpaka sauti ikamkauka. Godoro lilikuwa limeloa chini yake. Sindano alimbeba mgongoni hadi kwa jirani. Njiani mama alikuwa anatetemeka, na Sindano alikuwa anatetemeka pia, lakini kwa hasira.

Sasa mumewe na shemeji yake walikuwa wamesimama mlangoni. Shemeji ni mwalimu wa shule ya msingi, na watu wote humwita Mwalimu, hata ndugu zake. Walikuwa wanabishana.

"Dunia imepata joto," alisema Mwalimu. "Moshi wa viwanda na magari umezidi. Misitu inakatwa. Hewa ikiwa na joto hubeba maji mengi zaidi, ndiyo maana mvua inamwagika yote kwa mara moja. Haya ni mabadiliko ya tabianchi."

"Tabianchi gani?" alisema Mwashi. "Jiji halisafishi mitaro, basi. Mtaro ukiwa mzima, maji yanapita."

"Mvua kama ya jana uliiona lini utotoni?"

"Na uchafu kama huu niliuona lini utotoni?"

"Wewe hutaki kuelewa, kaka."

"Na wewe umesoma mpaka umepitiliza."

Sindano alitupa fagio chini. Ndugu hao wawili waliruka kama wamemwagiwa maji ya moto.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Jana mama yenu alinusurika kufa kwa bahati tu. Leo mnashindana nani ana akili. Tangu asubuhi hakuna aliyeshika hata ndoo. Mwalimu unailaumu mbingu. Wewe mume wangu unalilaumu jiji. Matope nayasugua mimi."

Mwalimu alikohoa. "Shemeji, tumeshaamua. Dada atakuja kumchukua Mama. Akakae kwake, huko hakuna mafuriko."

"Sihami," ilisema sauti kutoka nyuma. Mama mkwe alikuwa amerudi asubuhi, ameketi kwenye kiti katika chumba chake kilicholoa. "Nyumba hii niliijenga na baba yenu. Nitatoka hapa nikiwa nimebebwa na watu wa kuzika."

"Mama, mvua bado hazijaisha," alisema Mwashi. "Itakuja nyingine."

"Ikija inikute."

Mama mkwe wake alijua kugomba, na wao wawili waligomba mara nyingi. Lakini kumng'oa mzee kwenye nyumba yake kwa sababu ya maji ya mvua, hilo lilimuuma sana.

"Nitainua kizingiti," alisema Mwashi taratibu. "Tofali mbili hivi."

"Uliinua mwaka jana," alijibu Sindano. "Jirani naye akainua chake. Wa pili akainua. Kila nyumba inainua kizingiti, na maji yanamtafuta mjinga. Mwaka huu mjinga ni sisi."

Wakati huo jirani wao wa nyumba ya pili alifika kuchukua sketi yake. Ni mwanamke mhandisi wa barabara na mitaro. Mtaani wanamwita Injinia. Alisikia maneno ya mwisho, akatazama matope, kisha akatazama nje.

"Mtaro wenu uko wapi?" aliuliza.

Mwashi alionyesha baraza la saruji mbele ya nyumba. "Uko hapa chini."

"Nani aliufunika?"

Aliufunika Mwashi mwenyewe, tena si huo tu. Kila mwenye nyumba alitaka baraza la kuweka viti au biashara, na Mwashi aliwajengea mtaa mzima. Alikuwa akijivunia kazi hiyo. Saruji yake haikuwa na ufa hata mmoja.

"Na pa kufunulia ni wapi?" aliuliza Injinia.

"Hapapo. Niliziba ili taka zisiingie."

"Taka zinaingia huko juu mtaa unapoanzia. Zikishaingia, nani atazitoa? Hata jiji likija kusafisha, litasafisha nini? Saruji?"

Mwalimu alitabasamu. "Lakini dada, mvua zimebadilika. Si kweli?"

"Ni kweli kabisa," alisema Injinia. "Hilo tunaliona kazini. Mitaro mingi ilijengwa kwa mvua za zamani, na mvua za sasa zinakuja na maji mengi kwa muda mfupi. Ndugu yako naye anasema kweli, mtaro umeziba. Nyote mko sawa, na nyote mmekaa. Ukijua wageni watakuwa wengi kuliko mwaka jana, unaongeza mlango au unauziba?"

Sindano alimgeukia mumewe. Damu ilimchemka.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Umeyaziba maji kwa mikono yako yakamwingilia mama yako, halafu unasimama mlangoni kulitukana jiji."

Mwashi hakujitetea. Aliingia ndani, akatoka na nyundo kubwa na patasi. Alianza kulivunja baraza lake mwenyewe. Watu walitoka kutazama. Wengine walicheka, wakasema mwashi amekosa kazi, sasa anabomoa ili ajenge tena.

Kipande cha kwanza kilipoinuliwa, harufu mbaya ilipanda. Mtaro ulikuwa umejaa hadi juu. Kulikuwa na matope, chupa na mifuko. Katikati ya uchafu huo kulikuwa na kitu kirefu kimejisokota kama kamba nene. Mwashi alikivuta kwa jembe. Vilikuwa vitambaa. Vipande vingi vya kitambaa cha buluu, vimeshikana na matope.

Sindano alivijua mara moja. Kila jioni alifagia chumba cha kazi na kusukuma mabaki ya kitambaa kwenye tundu dogo la kutolea maji kando ya ngazi. Alidhani maji yatayapeleka mbali.

Mama mkwe alikuwa ameletwa mlangoni na kiti chake. "Nyani haoni kundule," alisema.

Uso wa Sindano uliwaka moto. Alijikasirikia mpaka machozi yakamtoka. Kisha alivaa viatu vya mpira, akafunga mifuko ya plastiki mikononi, akashuka mtaroni.

Waliposafisha mbele ya nyumba yao, Injinia aliwaambia ukweli mwingine. "Mkisafisha hapa tu, maji yatakwama kwa jirani na kurudi kwenu. Mtaro ni wa mtaa mzima. Na hayo matope msiyaache kando. Mvua ikinyesha yatarudi humo humo. Yapelekeni mbali."

Majirani wengine walikubali. Fundi viatu wa nyumba ya chini alikataa.

"Baraza langu halivunjwi," alisema. "Mafuriko yanaletwa na Mungu."

"Njoo nikuonyeshe kitu," alisema Sindano.

Alimpeleka hadi chumba cha nyuma. Alimwonyesha godoro lililoloa na mstari wa matope ukutani. "Maji yalifika hapa. Anayelala hapa hawezi kutembea. Usimsingizie Mungu. Sema mwenyewe, mbele yake, kwamba baraza lako ni bora kuliko yeye."

Mama mkwe alimkazia macho fundi viatu. Fundi viatu aliinamisha kichwa. Jioni hiyo baraza lake lilivunjwa, na nyundo alishika mwenyewe.

Mwashi alitengeneza mifuniko mipya ya zege, mifupi, yenye matundu ya kupitisha maji. Watu wawili waliweza kuinua mfuniko mmoja. Watu waliweka viti vyao juu yake kama zamani. Walikubaliana kufunua na kusafisha kabla ya kila msimu wa mvua. Sindano alitundika gunia karibu na cherehani, na mabaki yote ya kitambaa yakaenda humo.

Lakini mwisho wa mtaa, maji yalipita chini ya barabara kubwa katika bomba jembamba. Kulipanua ilikuwa kazi ya jiji. Mwalimu aliwaongoza majirani hadi ofisini.

"Ndugu zangu, hii ni tabianchi," alisema ofisa. "Dunia nzima inateseka. Tutafanya nini?"

Mwalimu alisimama. Sindano hakuwahi kumwona na hasira kiasi hicho.

"Mimi ndiye ninayefundisha watoto habari za tabianchi," alisema. "Nawaambia mvua zitazidi. Ndiyo sababu ya kupanua bomba. Usiifanye kuwa sababu ya kukaa. Sisi tumevunja mabaraza yetu. Ninyi mmevunja nini?"

Ofisa aliahidi kutuma wapimaji. Majirani walisema watarudi kila wiki mpaka waone barabara ikichimbwa, na walirudi. Ofisa alipochoka kuwaona, wapimaji walikuja.

Kabla bomba halijapanuliwa, mvua nyingine ilifika. Ilikuwa kubwa kama ile ya kwanza. Ilianza mama mkwe akiwa amelala usingizi wa mchana. Sindano aliacha cherehani, akasimama katika mlango wa chumba cha nyuma, tayari kumbeba. Chini ya mifuniko maji yalinguruma. Yalipanda mpaka kwenye ngazi ya nje, kwa sababu bomba la barabarani lilikuwa bado jembamba. Yalikaa hapo kidogo, kisha yakaanza kushuka.

Mvua ilipopungua, mlango ulifunguliwa. Alikuwa wifi yake Sindano, amelowa kuanzia kichwani, amekuja kumchukua mama yake. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akiwa na hofu usoni. Alitazama sakafu, akatazama kuta.

"Maji yako wapi?" aliuliza.

Mama mkwe alifumbua macho. Alimtazama binti yake kuanzia juu hadi chini.

"Kama umekuja kunichukua, umepoteza nauli," alisema. "Kama umekuja kunisalimia, karibu. Lakini vua viatu. Unaniletea maji chumbani."