Alama ya Wilf

Saa 2:10 asubuhi

Dacre aliweka kikombe cha chai juu ya ramani isijikunje. Chumba cha nyuma cha duka la fremu, mtaa wa Bermondsey, kilinuka gundi na soseji za kukaanga.

“Bibi anaingia makumbusho saa nne,” alisema, akimnyoshea Enid kidole. “Ananawa mikono, anajaza fomu, analetewa boksi. Mhudumu akigeuka, mchoro ndani ya sweta, nakala ibaki boksini. Nani hajaelewa?”

“Mimi,” alisema Wilf. “Mbona wewe soseji nne na mimi mbili?”

“Kwa sababu mimi jambazi, mzee. Wewe fundi tu.”

Wilf alicheka mpaka kikohozi kikamkunja. Enid, dada yake, hakucheka. Daktari alishasema waziwazi: mapafu yale hayamalizi kifungo kingine. Dacre alilijua hilo. Alikuwa na picha za michoro bandia aliyowahi kuuza Wilf, na akizipeleka polisi, basi tena. Enid alikubali kwa sharti moja: Wilf achape nakala, kisha akae garini, jina lake lisiguse kitu.

Wilf mwenyewe aliifunga nakala kwa karatasi laini na kumkabidhi dada yake.

Saa 4:12

Makumbusho yale yalimruhusu mtu yeyote kuuona mchoro uso kwa uso. Mikono safi, penseli tu. Kalamu na vifutio mwiko.

Mchoro haukuzidi ukubwa wa daftari. Mshairi mmoja aliyekuwa akiongea na malaika jikoni kwake aliuchonga kwenye shaba miaka mia mbili iliyopita, akaupaka rangi kwa mkono: mtu kafungwa minyororo shingo hadi miguu, na ncha ya mnyororo kaishika mwenyewe. Enid aliupenda tangu usichana. Roho ilimuuma kuuiba.

Bwana Okell, mhudumu, akaenda kuchukua boksi la pili. Mkono ukaingia ndani ya sweta. Nakala ikatoka, ikafunguliwa.

Ndipo akaiona. Pembeni chini, kwa penseli, ndani ya duara: W.T.

Wachapaji wa shaba ndivyo walivyo. Karatasi iliyotoka vizuri kuliko zote hutiwa alama ya aliyeichapa, nyingine zifananishwe nayo. Miaka arobaini mkono wa Wilf ulifanya hivyo bila kuuliza kichwa.

Enid alisugua kwa kidole gumba. Penseli ikatapakaa, herufi zikabaki. Akiirudisha nakala swetani, Dacre anakwenda polisi. Akiiacha, jina la mdogo wake li humo. Hatua za Okell zilikuwa zinarudi.

Nakala ikaingia boksini, mchoro ndani ya sweta.

“Unamwonaje huyu wa minyororo, mama?” Okell aliuliza. “Eti kama ana siri?”

“Anayo,” alisema Enid.

Saa 4:34

Garini alimnong'oneza mdogo wake habari ya alama. Wilf aliviangalia vidole vyake.

“Ilitoka safi, dada. Safi kabisa. Sikumbuki hata kushika penseli.”

Dacre alikuwa na masikio. Alisimamisha gari kando ya kituo cha basi, akauchukua mchoro.

“Shuka, mzee. Nenda nyumbani. Tukiwa watatu tunaonekana.”

Wilf alishuka haraka, kama aliyesamehewa. Enid alipojaribu kumfuata, mlango ulikuwa umeshafungwa kutoka mbele.

Saa 4:41

Foleni haikusogea; kituo cha basi kilikuwa bado kinaonekana nyuma. Dacre aliongea kwenye simu kwa upole.

“Mchoro umeibwa makumbusho. Aliyechapa nakala ni Wilfred Tapsell, alama yake iko pale pale. Yupo kituo cha basi, kofia ya kijani. Ndiyo, ana bastola.”

“Hana kitu!” Enid alipiga kioo. “Dacre, hana kitu!”

“Wakiwa naye, hawatanitafuta mimi. Tulia, bibi.”

Alipiga kioo cha nyuma mpaka viganja vikafa ganzi. Ving'ora vilikuja upande wa mto, magari mawili, na watu wenye bunduki wakaruka chini kabla hayajasimama.

Wilf hakuwaona. Aliliona gari, akampungia dada yake. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, kutafuta kadi ya basi.